Neno Moja Katika Wasia wa Mzee Nasoro

Pangani, 3 Julai 2024

Ami Abubakari,

Shikamoo. Huku sote wazima, ila shangazi Asha na magoti yake, naye anasema wameshazoeana. Wewe na joto la Doha mnaelewana?

Ijumaa alikuja Athumani, yule wa upande wa mke mkubwa, na kilo mbili za sukari. Nikajua kuna neno. Anataka shamba la Bibi Zafarani, pamoja na nyumba hii ninayolala. Wapo watu wa hoteli wanalitaka. Zamani hao walituita wajukuu wa suria. Leo Bibi amekuwa "mke halali wa babu yetu, Mungu amrehemu." Anasema mke ni mrithi, na mrithi haachiwi wasia, kwa hiyo karatasi ya wasia ya babu huyo, Mzee Nasoro, ni bure na shamba ni la ukoo mzima. Nikamwambia karatasi iko kwako. Akacheka: "Mwenyewe Ami yako ndiye aliyetusomea: mke wangu Zafarani."

Kikao cha ukoo mbele ya sheikhe ni tarehe 28. Tangu baba afe sina mwingine wa kumwuliza. Nipigie picha ya karatasi.

Mwanao,
Latifa


Doha, 9 Julai

Mwanangu Latifa,

Marahaba. Mwambie Asha asiinamie mashina ya mihogo, anijibu atakavyo. Mimi mzima, ila sikai. Nazunguka sebule hadi binti yangu ameniuliza nimepoteza nini. Nje hakutembeleki. Kila ndege ikipita juu ya mtaa wetu wa Thumama nasimama dirishani, utadhani kuna abiria wangu.

Picha haitatoka vizuri, wino umefifia. Waombe waahirishe.

Ami yako


Pangani, 12 Julai

Ami,

Shikamoo, na afya yako nimeisoma kati ya mistari: huna raha.

Wino umefifia, au mkono ndio mzito? Athumani ameleta wapimaji. Wamepigilia vigingi vyekundu, kimoja hatua mbili kutoka kaburi la Bibi. Shangazi amekianikia kanga. Kama kuna jambo, niambie mimi kabla sijaambiwa na Athumani.

Mwanao,
Latifa


Doha, 24 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na salamu kwa wote. Niwie radhi kwa siku kumi na mbili za kimya. Nilikuwa natafuta namna ya kuandika mstari mmoja.

Karatasi haisemi mke. Inasema suria.

Mwaka 1965 nilikuwa na miaka kumi na tisa, na pale nyumbani ni mimi tu niliyesoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu bila kukwama. Tulikuwa na wageni, kina Athumani wamo, wakitaka kusikia wasia. Babu, mtoto wa Bibi Zafarani, ameketi kizingitini, macho yake yamekwisha. Nilipolifikia lile neno niliwaona wale wageni wanavyolingoja. Nikasoma "mke wangu." Babu akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Una sauti nzuri." Tangu hapo hakuna mwingine aliyeishika karatasi ile, na nilipoondoka mwaka 1974 niliondoka nayo.

Jana niliipeleka kwenye duka la fotokopi huko Al Sadd. Karani Msudani akaiinamia. Kiswahili hajui, ila maneno matatu aliyatambua, maana ni ya kwao: wasia, theluthi, suria. Akaniuliza, "Huyu nani wako, haji?" Nikajibu, "Mama wa babu yangu." Akaniletea kiti.

Sasa sikiliza. Suria aliyemzalia bwana wake huwa huru bwana akifa, wala hamrithi. Asiyerithi huweza kuachiwa wasia, usizidi theluthi. Mzee Nasoro alikuwa na mashamba matatu yanayolingana. Akamwachia moja, mwezi wa Rajabu 1301 Hijria. Angemwoa, angegawana na mke mkubwa ile thumuni, sehemu moja ya nane, na nyumba ingekwenda. Alimnyima jina akampa shamba. Wiki mbili nalifikiria hili na bado sijui kama nimshukuru. Ninalojua ni kwamba neno nililolificha ndilo lililokuwa ukuta wa Bibi.

Picha hizo hapo chini. Lisome kama lilivyo. Watacheka, waache wacheke.

Ami yako


Pangani, 29 Julai

Ami,

Shikamoo. Tumeamka salama, na leo shangazi Asha ndiye aliyetuamsha.

Nimelisoma. Athumani akacheka, akajikuta anacheka peke yake. Sheikhe akaitaka simu, akasoma mwenyewe, kisha akauliza mashamba yalikuwa mangapi. Athumani akawahi kujibu, "Matatu, sheikhe, tena sawasawa," kabla hajaona jibu lake linakokwenda. Vigingi ving'olewe, ndivyo ilivyoamuliwa. Shamba limebaki, na kaburi mahali pake.

Lakini nilirudi nyumbani uso unaniwaka. Nikamwambia shangazi kwamba miaka yote hii ulitusomea lisilokuwemo. Akaendelea kukuna nazi.

"Nilikuwepo," akasema. "Nilikuwa na miaka tisa. Wageni walipotoka, Babu alinituma halua. Nikamwuliza, halua ya nini, Babu, leo si sikukuu? Akasema, 'Ya harusi. Yule kaka yako amemwoza mama yangu.'"

Mwanao,
Latifa