Mgonjwa Wangu Kahamia Ng'ambo ya Mto

Jumatatu, 5 Januari
Mzee Stutler kahama! Miaka mitatu namwelekeza chakula cha kulinda figo zake, leo kanipigia video yuko jikoni kwa bintiye, Tressa — ng'ambo ya mto, jimbo jingine. Ikabidi nimkatize. Leseni yangu ya ushauri wa lishe ni ya jimbo hili tu; inaishia katikati ya daraja. "Bi. Marlys, mbona paa la ofisi yako naliona hapa dirishani!" Kweli, linaonekana.

Jumanne, 6 Januari
Nimempigia karani wa leseni wa kule. Mama mpole, anatafuna kitu. Nikamuuliza: ushauri unatolewa ulipo mdomo wangu, au lilipo sikio la mgonjwa? Akacheka. Sikio, mama. Na ule mkataba wa majimbo, leseni moja ivuke mipaka? Upo, anasema, lakini vibali vyake bado havijaanza kutolewa. Nijaze fomu zao, ningoje wiki nane. Na nikimshauri kabla? Hapo akaacha kutafuna. Naweza kupoteza hata leseni ya huku.

Alhamisi, 15 Januari
Ha! Mzee kavuka daraja, kaegesha gari nyuma ya duka la matairi, kanipigia. "Niko upande wako. Haya, nishauri!" Dakika arobaini, vioo vya gari vimejaa ukungu. Kwa hiyo akisogea maili moja mimi mtaalamu wa lishe, akirudi mimi jirani tu. Nani alikaa akayapanga haya? Natamani nimwone.

Jumanne, 20 Januari
Barafu. Daraja limefungwa tangu asubuhi. Saa nane mchana mzee kapiga — miguu mizito, moyo unarukaruka. Nikamwambia Tressa aite gari la wagonjwa, sasa hivi! Hilo hata jirani anaruhusiwa. Kaita. Linakuja, lakini polepole, barabara zinateleza.

Mzee bado yuko nami hewani, anapiga soga. Wiki nzima anakula maharage matamu: Tressa kanunua chumvi ya wagonjwa, isiyo na sodiamu. Naijua chumvi hiyo.

Bakuli liko mbele yake. Tressa anamhimiza ale, apate nguvu.

Sikusema ale wala asile. Nikasema: mzee, hebu soma kopo. Kwa sauti.

Naandika huku namsikia akitafuta miwani. Kaipata. "Kloridi ya… po-ta-si…" Kijiko kimegonga meza.

"Bi. Marlys, si ndiyo hii uliyosema inasimamisha moyo? Nile, nisile?"

Tressa naye kainamia simu, nasikia anavyohema.

Naweka kalamu chini. Namjibu —