Meno ya Kuuma Maharagi

Furaha, mujukuu wangu wa Kinshasa,

Huku Goma tuko salama. Dada yako amezaa mutoto mwanaume, analia kushinda chorale ya kanisa!

Barua yako imenifurahisha sana! Miaka kumi na mbili unauguza wagonjwa, sasa unataka masta ya finansi. Unauliza uchukue ile ya banki, ao ile ya kuongoza feza za hospitali, juu unaogopa hii ya pili itakurudisha nyuma.

Mimi nilikuwa nauzisha maharagi Kalengera, kiisha nikaingia soko ya Kituku, pembeni ya ziwa, kuuzisha sambaza, samaki tudogo twa kukausha. Siku ya kwanza niliuma samaki mbele ya wamama wote, vile tulizoea kuuma haragi kujua kama imekauka. Walicheka mpaka wakashika matumbo! Lakini samaki wangu hawakuoza, juu nilichukua tu wenye kukauka muzuri. Kiisha mwezi moja, Mama Neema, ule alicheka kushinda wote, alikuja na kikapo yake ya sambaza: «Mama Maharagi, uniumie na hizi, nijue kama zimekauka.»

Chukua ile ya hospitali, mama. Wenzako watajua hesabu kukushinda, lakini wewe ndiye utajua dawa gani inakosa.

Ni mimi Koko yako, nyanya yako wa Goma. Meno imebakia sita, na sokoni bado wananiita niwaumie samaki.