Ndege Wangu Alikuwa Bado Mbichi

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, maana jambo hili nimelibeba wiki tatu na sina wa kumwambia. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, na kila Jumamosi naenda kwenye karakana ya wafinyanzi ambapo shangazi yangu na wenzake sita wanafinyanga vyombo na sanamu, kila mmoja ana rafu yake na aproni yake, lakini tanuri la kuchomea ni moja, na anayelisimamia ni mama tunayemwita Mama Tanuri, ndiye anayepanga vitu ndani, anawasha, na anajua lini apandishe moto na lini auache.

Mama Tanuri ana sheria moja, kwamba kabla ya chombo kuingia motoni mwenye chombo akiweke shavuni, kikiwa baridi bado kina maji ndani na kinaweza kupasuka, kirudi rafuni hata kama kwa macho kinaonekana kikavu. Yeye hakagui kazi ya mtu, anauliza tu, nawe ukijibu anakuamini. Mimi nilikuwa nimefinyanga ndege mnene kwa ajili ya maonyesho yetu, na uchomaji ule ulikuwa wa mwisho kabla ya maonyesho, nikamweka shavuni akawa baridi kama sakafu ya bafu. Mama Tanuri akaniuliza, "Haya, mdogo wetu, shavu linasemaje?" Nikajibu, "Kavu, mama." Akacheka, akasema, "Basi aingie, ila asinirukie."

Siku tanuri lilipofunguliwa, ndege alikuwa vipande vipande, na vipande vyake vilikuwa vimeuvunja mtungi mrefu wa shangazi, kazi ya miezi miwili. Kabla mtu hajauliza, Mama Tanuri akasema, "Ni mimi. Nimepandisha moto haraka. Macho yangu na hiki kipimajoto havielewani tena." Nilikuwa nimesimama karibu naye kabisa, mshauri, ningeweza kusema, lakini nilichosema ni "Nitafagia," nikavitia vigae vya ndege wangu kwenye mkoba wa shule, na wote wakadhani naye kavunjwa na moto kama mtungi, wakanipa pole, hata shangazi alinipa pole.

Tangu siku hiyo Mama Tanuri hajaligusa tanuri. Ufunguo ameutundika kwenye msumari, anakuja anaosha brashi za wenzake, anaondoka. Nyumbani shangazi anasema, "Umri umemfikia yule, apumzike tu," na Jumamosi hii watachagua msimamizi mwingine. Nimeanza kumfulia aproni na kumbebea ndoo za udongo. Je, nikiendelea kumtendea wema hivi bila kusema, haitatosha?

Ni mimi, Mwenye Ndege.

*

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimekasirika.

Hapana, haitatosha. Aproni safi haimwambii yule mama kwamba macho yake ni mazima. Hilo ndilo ulilomnyang'anya, na kwa sababu yako kila Jumamosi anaosha brashi akiamini amezeeka. Kumchoma ndege mbichi ni haraka ya mtoto anayetaka kazi yake ionekane, na ningekusamehe kabla chai haijapoa. Lakini ulipokea pole isiyo yako, ukanyamaza. Naona hata wewe unajua, maana vigae hukuvitupa. Ungekuwa mtu mbaya, vingekuwa jalalani zamani.

Sasa nisikilize. Usingoje Jumamosi. Ijumaa ukitoka shule, mwombe shangazi yako mwende pamoja kwa Mama Tanuri. Usimweleze njiani, asije akakusemea. Ukifika, weka vigae mezani, useme, "Alikuwa baridi, nami nilijua." Ukishasema hayo, nyamaza, wao waseme. Na usilie, tafadhali. Ukilia watakubembeleza, utakuwa umepokea pole ya pili.

Shangazi yako anaweza kukugombeza mpaka majirani wasikie. Mwache, mtungi ulikuwa wake. Mama Tanuri anaweza kukaa kimya, na hilo litakuuma zaidi. Livumilie. Kesho yake karakanani, kabla hawajachagua mtu, simama urudie maneno yaleyale mbele ya wote saba. Usiwaombe wakusamehe siku hiyohiyo. Waombe wamrudishie mwenyewe ufunguo, kisha ukae chini.

Mtungi hautarudi, mwanangu, na maonyesho yenu yatapita na pengo lake. Hata Mama Tanuri huenda asikuamini tena kwa neno tu, akataka kuweka kazi yako kwenye shavu lake yeye. Mpe, wala usinune.

Mimi nina jambo langu nililolinyamazia mpaka mwenye haki akafariki. Sitakusimulia. Nakwambia tu kwamba wewe bado una Ijumaa.

Na siku Mama Tanuri atakapokuuliza tena shavu linasemaje, usikimbilie kujibu. Kishike chombo shavuni mpaka uwe na hakika, na kikiwa baridi mwambie, "Baridi, mama," hata kama maonyesho ni kesho.