Karanga za Kima Namba Kumi na Nne

Mshauri mpendwa, naomba unishike mkono kabla ya Jumatatu, maana mimi ni mlishaji katika maabara inayojaribu chanjo ya Ukimwi kwa kima, kirusi cha mafua kilichodhoofishwa kinabebeshwa kipande kidogo cha VVU ili mwili ujifunze kumtambua adui, nusu yao wamechanjwa kweli na nusu wamedungwa maji ya chumvi tu, sisi walishaji hatuambiwi nani ni nani, na wote lazima wale sawasawa, kwa mizani. Sasa dada yangu anaishi na virusi mwaka wa kumi na tisa huu, anapika, ananitania kipara changu, yu hai kwa dawa, na mimi kila nikiwaona wale wanyama roho inajaa shukrani, basi nikawa kila asubuhi nampenyezea namba kumi na nne kiganja cha karanga, kwa sababu ndiye anayenishika kidole. Juzi, baada ya wote kuambukizwa kwa makusudi virusi vya jamii ya VVU ili kuijaribu chanjo, vipimo vikaonyesha yeye hakushikwa navyo. Daktari mkuu akanipiga bega: "Mzee, huyu wako ametupa matumaini." Ripoti inasomwa Jumatatu. Dada anasema ninyamaze, karanga si dawa. Nifanyeje?

Mlishaji

*

Mlishaji, kwanza asante. Watu watapigia chanjo makofi na kumsahau anayesafisha vizimba, mimi simsahau.

Lakini nani kakwambia karanga si dawa? Kwa kipimo gani? Maabara nzima imejengwa ili maneno kama hayo yasiaminiwe bure. Huenda hazikubadili kitu, ila si wewe wa kuamua, wala dada yako. Na wapo wapiga domo wanaosubiri kosa moja tu lililofichwa ili watangaze kuwa chanjo zote ni uongo. Unataka kuwapa silaha hiyo kwa mkono uleule wa karanga?

Kesho asubuhi, kabla hujavaa glovu, pima kiganja chako cha karanga kwenye mizani ileile. Andika uzito, tangu lini, mara ngapi. Mpelekee daktari mkuu mwenyewe, usitume mtu. Atafoka, mwache afoke. Wana namna ya kuchunguza upya wakijua. Wasipojua, hawana.

Dada yako nisalimie, na aendelee kukitania hicho kipara.

Namba kumi na nne hakuomba kudungwa. Ametoa mwili wake, na karanga ameshazila. Ukweli ndio bado hujampa.