Siku Ofisi Iliponisahau

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitini, si kitandani, na miguu imepungua kuvimba. Wifi ameniambia kwamba siku za mashine ya kusafisha damu unarudi hoi, lakini bado una nguvu za kulalamikia chai. Nimefurahi, ukinyamaza ndipo nitaogopa. Mimi huku ni mzima wa afya, na afya hiyo ina habari yake, nitaifikia. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Unakumbuka nilipotaka kukupa figo ulivyokataa. Ulisema kazini kwangu hawawezi kukaa bila mimi, na simu yangu ikaita palepale kana kwamba mmepanga. Ukasema siku ofisi itakapomaliza kutwa nzima bila kunitafuta, ndipo tuongee. Nilikasirika, ila ulisema kweli. Sisi watengeneza programu tuna wiki, yaani kurasa zenye maelezo ya kila kitu, na tuna dashibodi, skrini kubwa ukutani inayoonyesha nani anafanya kazi gani na amefikia wapi. Viwili hivyo havikujuana. Katikati nilisimama mimi, ndiyo maana wananiita Kamusi.

Basi nikaamua kuviunganisha. Mara ya kwanza nilivuruga: kila ukurasa uligeuka kuwa kazi, bosi akajikuta amepangiwa kusafisha mashine ya kahawa, tena amechelewa. Tulicheka mpaka machozi, nikarekebisha.

Kaka, laiti ungeona ilipokubali! Nilibofya kazi moja, na pembeni ukurasa wake ukajitokeza, pamoja na maelezo ya watu walioondoka kabla sijaajiriwa. Nikabofya nyingine, vilevile. Chumba kizima kilikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Akili za watu wote wale zilikuwa zimelala, sasa zinaitika zikiitwa. Nilisisimka mwili mzima, mimi mwenyewe niliyeziunganisha.

Asubuhi iliyofuata mfumo ukagoma. Fundi wetu mpya akainuka kuja kwangu, akatupia jicho dashibodi, akasoma, akarudi kukaa. Mfumo ukaamka. Nilibaki nikiwatazama, sijui kwa furaha au kwa wivu. Mpaka jioni simu yangu haikulia.

Sasa usimgombeze Wifi, maana tulipanga pamoja. Nilishapima. Daktari wako anasema figo yangu inakufaa, nami nitakuwa salama. Bosi nilipomwomba ruhusa alifungua mdomo kukataa, akaitazama dashibodi, akaufunga, akatia saini.

Kwa hiyo umeishiwa sababu, kaka. Naogopa kukupoteza kuliko ninavyoogopa kisu. Wasalimie watoto, waambie shangazi anakuja Jumatatu na begi kubwa. Wala usihangaike kunipigia njiani unirudishe. Simu nimeiacha kwenye droo ya bosi.

Ni mimi mdogo wako mbishi,
Kamusi mstaafu