Behewa la Shubiri Moja

Ujerumani,
Jumatano, 11 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwakeye! Hamjambo wewe na Mama, na wote mnaoamka pamoja hapo Heru Juu. Maharage mmeyamaliza kuvuna? Na goti lako limepungua kuvimba? Usimkasirikie Eliza kwa kuniambia habari za goti. Mimi ndiye niliyembana siku mbili mfululizo mpaka dada yangu akachoka kuficha. Mimi mwili wangu mzima, kazi ninayo, chakula ninacho. Lakini raha sina, na sababu yake ndiyo imenifanya nikae niandike.

Nimeandika kwa mkono, nikapiga picha kurasa na kumtumia Eliza azichapishe stesheneri pale Kasulu mjini. Nimemwomba asikusomee. Vaa miwani yako usome mwenyewe, halafu ukiona inafaa umsomee Mama. Kwenye simu nimejaribu mara tatu. Zote zimo kwenye shajara yangu na tarehe zake, na mbele ya kila tarehe nimeandika neno moja: nimeshindwa.

Baba, mabehewa ninayoyatengeneza huku hayapandwi na mtu. Ni ya mfano. Ni vitu vidogo vya plastiki na bati laini, vinatembea juu ya reli nyembamba iliyowekwa mezani, na wanaovinunua ni watu wazima, wengi wao wastaafu kama wewe, ambao hupenda treni kuliko kitu kingine chochote. Behewa la daraja la tatu ulilokwenda kulipima Kigoma limekwisha kutengenezwa, nalo ni zuri, ila urefu wake ni shubiri moja. Hakuna kiwanda kinachotengeneza mabehewa mapya ya treni ya Kigoma. Hakikuwepo hata siku ile niliyokuambia kipo. Nilikudanganya.

Sasa nieleze kwa mpangilio, kama wewe ulivyokuwa ukiandika ubovu wa behewa lililoingia karakana: umeanzia wapi, nani aliuona kwanza, umefika wapi.

Ulianza mwaka juzi, nilipoacha ile kazi ya kutunza wazee nikapata hii. Ukanipigia kuniuliza ninafanya nini siku hizi. Nikasema, "Natengeneza mabehewa, Baba." Nilitaka kuendelea, niseme ni ya namna gani. Lakini ulicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu ustaafu, ukamwambia Mama, "Ameingia reli huyu. Damu imemvuta." Mama naye akauliza kama sasa nitamletea treni mpaka shambani, maana amechoka kubeba mihogo kichwani. Nikacheka nanyi. Usiku ule niliandika kwamba nimemwambia Baba nusu, nusu nyingine nitamwambia Jumapili. Jumapili ilipofika mkawa mmekwisha kuwaambia majirani.

Hilo ni kosa dogo, na lingebaki dogo. Kubwa ni hili la mwaka huu.

Dukani kwetu, mbele ya karakana, kuna ubao laini wa kubandikia matangazo. Wateja hubandika vikadi hapo wakiandika behewa la abiria wanalotamani viwanda vya treni za mfano vilitengeneze, kwa sababu viwanda vikubwa hutengeneza yaleyale kila mwaka. Mmoja anataka behewa la posta ambalo taa yake inawaka. Mwingine anataka behewa la chakula la treni aliyopanda na mama yake akiwa mdogo, na anasisitiza mapazia yawe ya kijani, si ya buluu. Nimewaona wazee wawili wakinuniana mwezi mzima kwa ajili ya hayo mapazia. Bi. Anke, mwenye duka, hukusanya vikadi, husoma vyote, na kama behewa linawezekana tunalitengeneza kwa mkono, machache.

Kuna mteja anaitwa Mzee Dieter. Zamani sana, akiwa kijana, alipanda treni kutoka Tabora mpaka Kigoma, daraja la tatu, na mwanamke aliyekaa mbele yake akamgawia muhogo wa kuchemsha bila kumuuliza jina. Kila mwaka hubandika kadi ileile: behewa la daraja la tatu, treni ya Kigoma. Kila mwaka wenzake humcheka kwamba atazikwa na kadi yake, kwa kuwa vipimo havipatikani. Mwaka huu nikiwa nafagia nikaisoma. Nikamwambia Bi. Anke kwamba baba yangu ameyatengeneza mabehewa hayo maisha yake yote ya kazi. Akaweka chini kikombe chake. Akasema ukileta vipimo, tutatengeneza kumi na mawili.

Ndiyo maana nilikupigia. Ningeweza kusema neno moja tu, kwamba ni la mfano, na najua ungekwenda hata hivyo, kwa sababu ni behewa. Badala yake nilikuomba vipimo nikanyamaza. Wewe ndiye uliyeuliza.

"Wanataka kuyatengeneza upya?"

Nilihamishia simu sikio la pili. Ukaniita, ukidhani simu imekatika.

"Ndiyo, Baba."

"Haya ya kwetu?"

"Ya kwetu. Ya Kigoma."

Shajara ya siku ile ina mistari miwili. Nimesema ndiyo. Kesho nitasahihisha. Ukurasa unaofuata una mstari mmoja: sijasahihisha.

Eliza amenieleza yaliyofuata, kwa hiyo usihangaike kuyaficha. Ulipanda basi la alfajiri ukiwa na tepu ya kupimia na penseli tatu. Ulilala siku mbili kwa mjomba pale Kigoma. Mwenzako wa zamani alikufungulia yadi, mkaingia chini ya lile behewa bovu lililosimama kwenye majani, wewe na goti lako, mkapima mpaka boji, ile fremu ya magurudumu. Mama akavuna maharage ya msimu ule peke yake. Uliporudi hukuweza kushuka kwenye pikipiki mwenyewe, Yohana wa bodaboda akakubeba mpaka mlangoni, ukamkataza asiseme.

Zile kurasa kumi na nne zilipofika, Bi. Anke alizipanga mezani akazitazama kwa muda mrefu. Hajawahi kupata vipimo vya namna hiyo. Uliandika mpaka kitu ambacho hakuna aliyekuomba: kwamba kiti cha tatu kutoka mlangoni, upande wa dirisha, ubao umelika kwa kukaliwa. Nimepachonga hapo palipolika, Baba, kwa sindano, chini ya lenzi, kwenye kiti kinachotoshana na ukucha wangu. Kila kilicho mita moja kwako, kwangu ni sentimita moja na kidogo. Kazi hiyo niliifanya kwa mapenzi yote na kwa aibu yote, sijui kipi kilizidi. Mzee Dieter alipoletewa lake alikaa nalo mapajani kama mtu aliyepakata mtoto, akauliza aliyepima ni nani, anataka kumwandikia ashukuru. Nimemwambia asubiri. Sitaki kujisifu kwamba dhamiri peke yake imenisukuma. Niliogopa pia kwamba barua yake ingekufikia kabla ya yangu.

Kisha likaja daftari lako la pili.

Sikulitegemea. Eliza alituma picha za kurasa, na juu kabisa, kwa mwandiko wako, pameandikwa: Maombi ya Abiria kwa Mabehewa Mapya. Ukazunguka na Yohana kwa pikipiki yake, mkafika Kitanga, Kagerankanda na hapo nyumbani, ukamwuliza kila anayesafiri anataka nini kibadilike. Shangazi akakupa maombi ya wafanyabiashara wa Kibondo kwa simu, ukayatengea ukurasa wao. Watu ishirini na sita, kila mmoja na jina na kijiji chake. Nayajua sasa kwa moyo. Mama Fausta wa Kitanga, anayeuza maharage, anaomba mlango upanuliwe gunia lipite bila kulazwa ubavu. Yule mzee wa Kagerankanda asiyeona anaomba mshikio wa mlangoni uwe na alama ya kupapasa, ajue yuko behewa gani bila kuomba watu. Mama Joselina, aliyeletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni na leo ni raia mwenye wajukuu, alisema hajali kiti kiwe kigumu namna gani, anachoomba ni choo chenye taa na komeo la ndani. Yohana umemwandika wa mwisho: treni iishie hukohuko Kigoma, isifike Kasulu, la sivyo yeye atakula nini.

Nilicheka kwa Yohana, halafu nikarudi juu nikasoma tena kwa Mama Joselina, nikashindwa kumaliza.

Huku watu wanaandika kadi wakitamani behewa ambalo hakuna atakayelipanda, na wanalipata. Hao wako wameomba taa ya choo. Mimi ndiye niliyeyachukua maombi yao na kuyapeleka mahali ambapo hayawezi kusikika, na wewe ndiye waliyemwamini.

Hata hapo sikusema. Eliza aliomba picha ya behewa, akaeleza kwamba mchungaji amekupa nafasi Jumapili ya mavuno, tarehe ishirini na mbili, usimame usome maombi na kuwatangazia watu kwamba kazi imeanza. Nikaliweka behewa kwenye stesheni ya mfano, nikalaza simu juu ya meza kabisa, karibu, ili ukubwa wake usijulikane. Nilipiga picha tisa nikachagua iliyodanganya vizuri zaidi. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniamsha usiku. Mengine niliteleza, hili nililipanga.

Jibu lako lilikuja kwa sauti kwenye simu ya Eliza. Nimelisikiliza mara nyingi. "Mwambie rangi imekaa. Mwambie namba waiandike na ubavu wa pili, wapakia mizigo husumbuka." Ukakohoa kidogo. "Na muulize, hao watu waanze kupanda lini?"

Hawatapanda, Baba. Hilo ndilo jibu.

Sasa naomba kitu kimoja. Usisimame Jumapili ile. Umeishi Heru Juu miaka yote tangu ustaafu na hakuna aliyewahi kusema neno lako halikuwa kweli, nami sitaki la kwanza liwe langu lililopita kinywani mwako. Mwambie mchungaji leo hii kwamba mwanao ana la kusema, aniachie nafasi yako. Nimeshaomba ruhusa kwa Bi. Anke niitaje kazi ya dukani kwake mbele ya watu, na nilipomweleza sababu alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau, lakini ruhusa alinipa. Ibada ikiisha nitapiga simu ya Eliza. Aiweke mbele, karibu na kipaza sauti. Nitataja jina langu na jina lako. Nitasema Baba hakujua. Nitaeleza behewa lina ukubwa gani, bila kupunguza wala kuzunguka, na watakaocheka wacheke. Kisha nitasoma daftari lako, jina kwa jina, kuanzia Mama Fausta, na kila mmoja nitamwambia mwenyewe kwamba ombi lake halijafika popote na kwamba mimi ndiye niliyelizuia njiani. Wa Kibondo nitawapigia kwa Shangazi siku hiyohiyo jioni.

Daftari halijaharibika. Ni maombi ya kweli, yameandikwa vizuri, na wanaohusika na reli wapo nchini kwetu, hawako huku. Ukiamua kuyapeleka kwao nitayachapa upya na kugharimia safari ya atakayeyapeleka. Ukiamua usishughulike tena na neno lolote linalonihusu, nitaelewa.

Bi. Anke amenipa behewa moja kati ya yale kumi na mawili. Kwenye boksi lake, panapoandikwa jina la aliyepima, pana jina lako kamili. Sijalituma. Sijui kama unaweza kulitazama, na sitaki lifike kama zawadi. Likae hapa mpaka wewe mwenyewe useme.

Mama nisalimie, na umwombe radhi kwa ajili yangu kwa yale maharage. Shangazi wa Kibondo mwambie simu yangu inakuja, asiseme kitu kwa wenzake kabla yangu. Mjomba wa Kigoma aliyekulaza, pamoja na mwenzako aliyekufungulia yadi, nitawaandikia kila mmoja barua yake. Shemeji, mume wa Eliza, namwomba akupeleke hospitali ya wilaya goti lipigwe picha, hata ukikataa. Na Eliza, ambaye najua atakuwa ameisoma yote kabla ya kukukabidhi, asilie njiani.

Sikuombi unisamehe ndani ya barua hii. Nakuomba uwepo kanisani, ukae mstari wa mbele, unisikie nikisema.

Ni mimi, mwanao niliyekukosea,
Ezekia