Ukurasa wa Nane wa Sauti ya Baba

Kwa Kaka mpendwa,

Natumaini unaisoma barua hii ukiwa mzima, na baridi ya huko kituoni kwenu mlimani imepungua makali. Sisi hatujambo. Kikohozi kimemwachia Mama, ameanza kushona tena, na cherehani inanguruma hadi nikimwita hanisikii.

Uliniomba ule ujumbe wa sauti aliokurekodia Baba kabla hajafariki, kwa kuwa simu yako iliharibika na huko hakuna mtandao, ila gari la posta tu. Basi nilikaa kwenye kompyuta yako ya zamani, ilikobaki nakala, nikaiongezea kazi ile programu uliyonifundisha kuandika kwa Lisp, ile lugha ya kompyuta. Sasa inachukua kila baiti tatu za sauti, yaani vile vipande vidogo vya faili, na kuzigeuza herufi nne za kawaida, zinazoweza kuchapwa. Zikatoka kurasa tisa za kukutumia, uzichape kwenye kompyuta ya huko zigeuke sauti tena. Mama alizitazama akasema kumbe baba yenu hata karatasini hanyamazi. Tulicheka sana. Yeye mwenyewe bado hajaisikiliza sauti hiyo. Husema ataisikiliza siku moyo utakapomruhusu, nawe uliwahi kusema neno la mwishoni ni afadhali alisikie mwenyewe.

Mwalimu wetu wa kompyuta alinionya nisitume kitu ambacho sijajaribu kukirudisha kilivyokuwa. Nikaandika sehemu ya kugeuza na kurudisha kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo nilipoharibu, Kaka. Niliiambia programu iandike matokeo kama maandishi badala ya baiti, tena nikayapa jina lile lile la faili la Baba. Yakaandikwa juu yake, yakalifuta. Nilipolifungua, ilitoka mikwaruzo mitupu. Nakala nyingine hatuna, na zile herufi nilikuwa nimezipeleka moja kwa moja kwenye printa bila kuzihifadhi.

Kwa wiki tatu, kila nikitoka shule, nimezichapa upya zile kurasa kwenye kompyuta, herufi kwa herufi, rula chini ya mstari nisije nikaruka. Jana sauti ilirudi. Baba anacheka kidogo, kisha anasema: “Mwanangu, kazi njema huko. Na mama yako mwambie...” Hapo panakwaruza, hadi kwenye kwaheri. Ni ukurasa wa nane, uliochapwa wino ukikaribia kuisha. Siku ile niliuona umefifia, nikajiambia nitauchapa tena baadaye.

Mimi sikuwahi kuisikiliza kabla; wewe uliisikia yote. Tafadhali niandikie alisema Mama aambiwe nini, kwa maneno yake yale yale kama unayakumbuka.

Mama bado hajui. Nimeamua kumsomea barua hii kabla sijaifunga, wala sitairuka aya hii. Nikishindwa, siipeleki posta. Kwa hiyo ukiipata, ujue ameshajua.

Wasalimie wenzako wote hapo kituoni, na uvae soksi mbili mbili kama Mama anavyokusisitiza.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Bi Maswali